Kiwanja Kilichofagiwa

Moshi ndio ulioanza kumpa habari. Annet aliuona tangu akiwa chini, anapanda ile njia ya mawe inayotoka barabarani. Uzi mwembamba wa kijivu ulikuwa ukipanda taratibu nyuma ya jiwe kubwa ambalo nyumba ya Shimba ililiegemea. Akajiambia ni jirani anachoma takataka, maana Jumamosi watu wa mlimani huchoma takataka. Lakini moyo haukukubali. Miguu yake iliongeza mwendo bila kuamriwa, na mkungu mdogo wa ndizi aliokuwa amejitwika kichwani ukaanza kuyumba.

Mkungu ule ulikuwa wa mgeni wa kesho. Na mgeni mwenyewe alikuwa baba yake.

Mzee Muganyizi alikuwa ametuma neno kwa mtu wa kwao Kamachumu, ng'ambo ya ziwa, aliyekuja mjini Mwanza kununua mitumba. Neno lilikuwa fupi, kama yalivyo maneno yake yote. Atafika kwa meli Jumapili asubuhi, na atapanda mlima kuona mahali ambapo binti yake anataka kuolewa. Akikuta ardhi inayoweza kulea mgomba, atakaa kitini na kuzungumza na mama wa kijana. Asipoikuta, Annet atafungasha vyake na kurudi naye nyumbani, na habari ya Shimba isitajwe tena.

"Mwanza ni mawe," alikuwa amesema mwaka uliopita, Annet alipokwenda likizo na kulitaja jina la Shimba kwa mara ya kwanza. "Sina ugomvi na Wasukuma. Nina ugomvi na mawe. Mwanamke asiye na kibanja cha migomba nyuma ya nyumba yake anakula kwa ruhusa ya mtu mwingine."

Kijana mwingine angesikia maneno hayo akatafuta mchumba wa karibu. Shimba alitafuta udongo. Yeye alikuwa fundi wa mitambo ya barafu katika kiwanda cha minofu ya sangara, kimoja kati ya vile vilivyokuwa vikiota ufukweni miaka ile. Walijuana alipoitwa kutengeneza pampu ya maji kwenye chekechea ya usharika, ambako Annet alikuwa mwalimu. Pampu ilipona siku ile ile. Kesho yake fundi alirudi kutazama hali yake, na keshokutwa, na juma lililofuata, mpaka mchungaji akauliza kwa upole ni ugonjwa gani huo usioisha.

Basi tangu mvua za masika zilipoanza kupungua, kila jioni wawili hao walikuwa wakijenga shamba juu ya jabali. Shimba alipanga mawe madogo kuziba nafasi kati ya mawe makubwa, kisha akasomba udongo kwa baiskeli kutoka bondeni, gunia baada ya gunia, akisukuma mpaka mishipa ya shingo inasimama. Annet alichanganya samadi. Machipukizi ya migomba yalitoka kwa rafiki za shangazi Odeta, ambaye Annet alikuwa akiishi kwake Buzuruga. Yakashika, yakafungua majani. Kilichobaki kilikuwa kuiandaa migomba kwa kiangazi, na hiyo Annet aliijua kuliko kazi yoyote duniani, maana aliifanya na marehemu mama yake tangu utotoni.

Mawe ya mlima ule wa Ilemela hula jua mchana kutwa na kulitapika jioni. Udongo ulioachwa wazi kati yake huoka kama mkate. Kwa hiyo walikwenda Igombe kukata nyasi ndefu za kando ya ziwa, wakazianika, wakazitandaza juu ya udongo wote kwa unene wa godoro.

"Mgomba hunywa kwa miguu," Annet alimweleza. "Ukiufunika miguu, hata mvua ikichelewa utaisubiri."

Siku hiyo walikuwa wamepiga magoti kila mmoja upande wake wa mgomba, mikono ikiwa chini ya nyasi, na huko chini, mahali ambapo hakuna jirani angeona, vidole vya Shimba vilivikuta vidole vyake. Hakuvishika. Aliviegemea tu. Annet aliendelea kutandaza kwa mkono mmoja, macho chini, na tangu siku ile harufu ya nyasi kavu ilikuwa ikimkatisha pumzi.

Harufu iliyomjia sasa ilikuwa ya majivu.

Alilizunguka lile jiwe, akasimama. Shamba halikuwapo. Palikuwa na kiwanja. Udongo mtupu, umefagiwa kwa mistari iliyolingana kama nywele zilizochanwa kwa ajili ya sikukuu. Hapakuwa na unyasi wala jani kavu. Migomba ilisimama kama watoto waliovuliwa nguo mbele za watu, na ile ya pembeni, karibu na lundo lililokuwa likifuka, ilikuwa imebabuka majani ya upande mmoja. Shimba, bado na ovaroli lake la kazini, alikuwa amechuchumaa akimwagia majivu maji kwa kopo.

"Nani kafanya hivi?"

Shimba aliinua macho. Akaweka kidole mdomoni, akatupa jicho upande wa nyumba. Alikuwa akimwomba kitu kwa macho yale, na siku nyingine yoyote Annet angemwelewa, maana walikuwa wamejifunza kusemezana hivyo mbele ya watu. Siku hiyo hakuelewa. Alichokiona akilini ni baba yake wa kesho amesimama pale pale, fimbo mkononi, akitikisa kichwa.

"Nakuuliza ni nani. Ni mtu wa namna gani huyu? Hata ng'ombe hachomi malalo yake. Mtu mwenye akili, aliyewahi kuwa na nyumba yake, hawezi kufanya uharibifu kama huu."

Nyuma ya nyumba sauti ya fagio ilikoma. Annet hakuwa ameisikia mpaka ilipokoma.

Mama yake Shimba akatokea kwenye kona, fagio la vijiti mkononi. Jina lake Ng'washi, mjane wa Sengerema, mwanamke mrefu mwenye mgongo ulioinama kidogo kwa kulima pamba. Juzi alikuwa amevuka kivuko cha Busisi na kuku kapuni ili aje kumsaidia mwanawe kumpokea baba mkwe. Annet alikuwa amekuja kumwamkia jioni ile ile, wakapendana. Mama alimjazia karanga kwenye upindo wa kanga, akamtania juu ya zile nyasi: mwanangu, malalo yapo, ng'ombe wenyewe wako wapi? Annet alicheka. Alidhani ni utani mtupu, hakumweleza zile nyasi ni za nini.

Sasa alipiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja." Sauti ya mama ilikuwa tambarare, kama maji yasiyo na upepo. "Nimekusafishia. Nyasi zilikuwa nyingi mno, nyoka angeweza kuzaa humo. Nikasema, baba yako akija aone kwamba hapa mwanamke amepita."

Aliutua ule mkungu kutoka kichwani mwa Annet, akaubeba kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kuvunjika, akaingia ndani. Hakugeuka nyuma.

"Amesikia," Annet alisema.

"Kila neno," alijibu Shimba.

Wakaenda kusimama upande wa pili wa lile jiwe kubwa, mbali na dirisha. Kule chini ziwa lilikuwa limetulia na mitumbwi michache, na ndege ilikuwa ikishuka kuelekea uwanjani. Shimba alieleza kwa sauti ya chini jinsi mambo yalivyokwenda. Yeye alikuwa zamu ya asubuhi. Mama aliamka jogoo wa kwanza, akafagia mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Kwao, nyasi kuzunguka nyumba ni dalili ya nyumba iliyohamwa, ya mtu asiyemtarajia mgeni. Kiwanja kikiwa cheupe, kila apitaye njiani anajua humo mna mama. Alipowasha moto alikuwa akiimba. Jirani ndiye aliyemsimulia.

"Amefanya kwa ajili yako, Annet. Anasema mkwe wake asije akadharauliwa na baba yake mwenyewe."

Annet alifumba macho. Hasira ilikuwa imempungua, lakini mahali pake palikuwa pameingia hofu, na hofu hukosa adabu kuliko hasira.

"Nimeelewa. Nitamwomba radhi, nitapiga magoti. Lakini sasa hivi chukua baiskeli twende Igombe. Jua bado lipo. Tukirudi na mizigo mitatu minne, tutafunika hata sehemu ya mbele. Baba hatazunguka pote."

Shimba hakusogea.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Haiwezekani."

"Haiwezekani vipi?"

"Ukitandaza nyasi leo, mama akiwa anaangalia, utakuwa umemwambia kwamba kazi yake ni uchafu. Umeshamwambia kwa mdomo. Sasa unataka kumwambia na kwa mikono."

"Basi mweleze wewe. Wewe ni mwanawe."

"Nimweleze nini? Kwamba ameamka alfajiri kutuharibia ndoa? Annet, yule mama alilima peke yake tangu baba alipofariki ili nipate ufundi. Hajawahi kuniomba kitu. Ametoka kwake kuja kunifagilia, halafu nimwambie angekaa?"

"Na mimi? Baba alisema wazi. Asipokuta ardhi ya mgomba, ninarudi naye. Hakutania. Baba hatanii. Kesho atapita pale, ataushika ule udongo, na itakuwa imekwisha. Unaona ni afadhali?"

"Sijasema ni afadhali."

"Umesema haiwezekani."

Annet alimtazama usoni. Shimba alikuwa na macho ambayo kwa kawaida yalicheka kabla ya mdomo, na sasa yalikuwa yamejaa damu ya moshi na ya kitu kingine. Aliunyoosha mkono amguse begani, akaurudisha ulikotoka.

"Kesho baba yako akiuliza, utamjibu nini?" aliuliza.

"Ukweli. Baba yangu sijawahi kumdanganya. Hata siku moja."

"Basi utamwambia ni mama yangu."

Annet alifunga kanga yake kiunoni, akashuka mlima bila kuaga, na kule nyuma hakusikia hatua zikimfuata. Alikuwa ametumaini kuzisikia.

Shangazi Odeta alikuwa akiuza vitenge sokoni, na hakuna jambo alilowahi kulisikia akakosa cha kusema. Aliposimuliwa habari ile alicheka kwanza, akasema Wasukuma hao kama wangeweza, wangefagia hata kivuli. Kisha alipoona machozi akavuta kigoda. Ushauri wake ulikuwa mwepesi. Mpe baba yako ukweli wote, alisema. Mwambie mama wa watu hakujua, ameunguza. Kaka yangu ni mgumu lakini si mjinga, atamcheka yule mama, na akishacheka atakaa. Kwani kuna ubaya gani mtu akichekwa kwa kosa lake mwenyewe? Mama mkwe hujakaa naye hata mwezi, unataka kumbebea mzigo?

Yalikuwa maneno ya akili. Annet aliyageuza huku na huku, na kila alipoyageuza alimwona yule mama mrefu amekaa kwenye mkeka, amevaa kitenge chake cha sikukuu, akichekwa na mgeni mbele ya mwanawe, kwenye kiwanja alichokifagia akiimba.

Jua lilipokuwa likizama aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Aliomba kwa muda mrefu. Kwanza alimshtaki mama yake Shimba, aliyechoma bila kuuliza. Kisha alimshtaki Shimba, aliyemchagua mama yake. Halafu alimshtaki baba yake, na shingo yake ngumu. Alipokwisha kuwashtaki wote akajikuta amebaki peke yake mbele za Mungu, yeye na yale maneno yake ya mchana, na hapo hakuwa tena na la kusema. Mtu akifika hapo ndipo maombi huanza. Hakuomba nyasi. Hakuomba hata Shimba. Aliomba apewe mdomo mwingine.

Asubuhi, bandarini, alimkuta baba yake ameshateremka melini, amesimama kando ya watu wengine kama mtu asiyetaka kuguswa. Alivaa koti lake la zamani lililopigwa pasi, kofia, na fimbo mkononi. Annet alipiga magoti pale pale penye msongamano. Mzee alimwekea kiganja kichwani, akauacha mkono pale kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Umekonda," alisema.

Walipitia ibada ya kwanza. Annet alifungua kitabu cha nyimbo lakini sauti haikutoka. Baba aliimba kwa wote wawili, kwa sauti nzito ya besi aliyoizoea tangu alipokuwa kijana wa kwaya, na Annet alisimama kando yake kama alivyosimama akiwa mtoto, akiisikia ile sauti ikipita kwenye ubao wa benchi hadi kwenye viganja vyake. Alimpenda sana baba yake. Jambo hilo ndilo lililokuwa likimkaba.

Kisha wakapanda mlima. Mzee hakusema lolote juu ya mawe, alipumzika tu mara kwa mara na kuyatazama, kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani.

Shimba aliwapokea mlangoni akiwa amevaa shati jeupe. Aliinama akatoa shikamoo kwa heshima yote, akaipata marahaba iliyokuwa baridi lakini kamili. Macho yake yakamtafuta Annet juu ya bega la mzee. Yalikuwa macho ya mtu ambaye hakulala. Yaliuliza swali lile lile la jana, na Annet akaangalia pembeni.

Mama Ng'washi alikuwa ameweka kiti kivulini, kitambaa cheupe juu yake. Alimkaribisha mzee kwa Kiswahili cha polepole, akiomba radhi kwa udogo wa nyumba. Mzee alishukuru. Hakukaa. Aliuliza kama anaweza kuona upande wa nyuma, na bila kusubiri jibu akalizunguka lile jiwe.

Wote wakamfuata.

Alisimama mwanzo wa shamba, akategemea fimbo. Alitazama ukuta wa mawe madogo, jinsi ulivyopangwa. Alitazama migomba. Majani yake yalikuwa yameanza kulegea, na jua lilikuwa halijafika hata nusu ya safari. Kisha akatazama chini, kwa muda mrefu.

"Pamefagiwa vizuri sana," alisema.

Annet aliyajua maneno ya baba yake, na aliujua upande wao mkali. Lakini mama Ng'washi alisikia sifa, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Asante, baba," alisema. "Mgeni akija lazima akute pasafi."

Mzee aliinama kwa taabu, akachota udongo, akaufinya, akafungua kiganja. Ulimwagika wote kama unga.

"Hapa palikuwa na nyasi," alisema. "Naona mizizi imepanda juu kuzifuata. Zilikuwa nyasi nyingi, na zilitandazwa na mtu anayejua. Nani aliyeziondoa? Nauliza, maana huyo aliyeziondoa ameua shamba. Kiangazi ndio kwanza kinaanza."

Annet aliuona uso wa mama Ng'washi ukibadilika pole pole, kama taa inayopunguzwa utambi. Mama alitazama kiwanja chake, akatazama majivu pembeni, na vidole vyake vikaanza kukunja pindo la kitenge. Sasa ndipo alipoelewa. Mdomo ulifunguka. Na Annet alimwona Shimba naye amepiga hatua mbele, mkono ameuinua.

"Mzee," Shimba alianza, "kosa hili ni la..."

"Ni langu," Annet alisema. "Ni mimi, baba. Niliziondoa jana, nikazichoma."

Alisema kwa Kiswahili, wote wasikie. Mama Ng'washi aligeuka kumtazama. Shimba alibaki na mkono hewani.

Mzee Muganyizi hakuonyesha kushtuka. Alijipangusa vumbi kiganjani kwa leso, akaikunja leso, akaitia mfukoni. Kisha akamwashiria Annet wasogee hadi mwisho wa shamba, penye migomba iliyobabuka, na hapo akaacha Kiswahili, akasema naye kwa lugha ya nyumbani.

"Kwa nini?"

"Nilitaka pawe pasafi, baba. Nilisahau."

"Ulikuwa hujajua kufunga kanga vizuri ulipoanza kutandaza nyasi na mama yako. Mama yako alipokuwa anaumwa, wewe ndiye uliyefunika kibanja chote, peke yako, na ukaja ukamwambia kitandani kwamba kimelala salama. Sasa unasema umesahau."

"Nilisahau, baba."

"Nitazame."

Alimtazama. Ilikuwa kazi ngumu kuliko yote aliyowahi kuifanya. Macho ya baba yake yalikuwa ya kahawia na mekundu pembeni kwa usiku wa melini, na hayakuwa na hasira. Angeshukuru kama yangekuwa na hasira.

"Hujawahi kunidanganya," mzee alisema. "Watoto wengine walinidanganya. Kaka zako walinidanganya juu ya kahawa, juu ya shule, juu ya kila kitu, nami nilijua na nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na mmoja ambaye neno lake nililichukua bila kulipima. Sasa nalipima. Unamficha nani?"

Machozi yalimteremka Annet, hakuyafuta.

Mzee aligeuza kichwa. Kule mbele mama Ng'washi alikuwa bado amesimama pale pale walipomwacha, mikono imefumbatwa tumboni, kichwa kimeinama, kama mtu anayesubiri hukumu. Mwanawe alikuwa amesogea akasimama karibu naye. Mzee aliwatazama muda wa kutosha.

"Yule," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Baba, nakuomba usimwambie neno. Hakujua. Alifanya kwa upendo, nami jana nilimtukana. Nirudishe nyumbani ukitaka. Nitafungasha leo. Lakini usimwaibishe."

Upepo ulitoka ziwani, ukainua vumbi jembamba kwenye ule udongo mtupu, ukalipeleka.

"Nilikuja na neno moja," alisema mwishowe. "Kwamba nisipokuta ardhi, ninarudi na binti yangu. Ardhi sikuikuta. Hii ni mawe yaliyopakwa udongo, na wewe unajua. Lakini nitarudi na nani? Binti niliyekuja kumchukua hawezi kunidanganya kwa ajili ya mama mwingine. Huyo alishahama. Sijui lini. Labda ni wakati mnasomba huu udongo, na mimi niko kule nakaa kama mjinga, nadhani bado nina wa kumkataza."

"Baba..."

"Sijasema nimefurahi. Usije ukamwambia mtu kwamba nimefurahi."

Akamwacha pale, akarudi kule mbele akitegemea fimbo. Annet alimwona akisimama mbele ya mama Ng'washi, akivua kofia. Alimwambia kwa Kiswahili kwamba binti yake ana haraka katika mambo, ni tabia ya marehemu mama yake, na kwamba anamwomba yeye mama awe mvumilivu naye. Mama Ng'washi aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, huku akijifuta macho kwa kiganja cha mkono ulioshika fagio jana. Ndipo mzee akaenda kivulini, akakaa kwenye kile kiti chenye kitambaa cheupe.

Shimba alimjia Annet penye migomba. Alisimama karibu naye kuliko alivyothubutu kusimama siku zote mbele ya watu.

"Amesemaje?"

Annet alitaka kumwambia kwamba wameshinda.

"Amekaa," alisema tu.

"Nimeona amekaa. Mbona unalia?"

Annet aliingia ndani, akachukua birika la maji ya moto na beseni, na mama Ng'washi, ambaye desturi ilimpa yeye kumnawisha mgeni, akampisha njia. Walipopishana mlangoni, mama alimshika kiwiko, akamkaza, akamwachia. Hapakuwa na zaidi ya hapo, na wala halikuwa jambo dogo.

Annet alipiga magoti mbele ya baba yake. Mikono ile aliijua kila mstari. Ndiyo iliyomshika alipojifunza kutembea kati ya migomba, ndiyo iliyomfunika mama yake udongo. Tangu apate nguvu za kubeba birika alikuwa akiinawisha, na mzee hakuwahi hata siku moja kumshukuru kwa hilo, maana mtu hamshukuru mtoto wake kwa maji ya nyumbani kwake mwenyewe.

Alimimina. Mzee akanawa taratibu, kidole kwa kidole, akakung'uta matone ndani ya beseni. Kisha akainua uso, akamtazama kwa adabu, kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya watu.

"Asante sana, mwenyeji wangu," alisema.